Ngitili Iliyopimwa Viwanja

Ukitoka Maganzo ukafuata njia ya malori ya pamba kuingia ndani, utafika mahali penye nyumba zilizopangwa mstari kama watu wa gwaride. Nyingi hazina paa. Kati ya mstari mmoja na mwingine kuna korongo, na mtu mzima akishuka humo huoni hata kofia yake. Udongo wake juu ni mwekundu, chini mweupe, na jua la mchana likiupiga macho yanauma. Miti hakuna. Mbuzi wanazunguka wakilamba kuta kutafuta chumvi. Watu wapitao hapo wanasema nchi hii Mungu aliiumba akiwa amechoka.

Mungu hahusiki. Waliohusika nawajua, na wengine wako hai mpaka leo, wanakula na kushiba. Majina yao sitayaandika, maana nina watoto wanaoishi. Lakini atakayesoma akiwa wa kule atawatambua, na wao wenyewe watajitambua.

Mimi ni mtu wa Ushirombo. Nilisoma kwa masista mpaka darasa la nne, basi, nikaolewa upande wa Shinyanga miaka ya sitini ikielekea kwisha. Kwetu ni miti na asali. Nilipofika kule nilishangaa uwazi wa nchi, jinsi mtu anavyoonekana akija tangu yuko mbali hata unapata muda wa kuchemsha maji. Lakini ilikuwa nchi nzima, haikuwa na jeraha. Juu kabisa, chini ya mawe makubwa, palikuwa na udongo wa kichanga, na hapo ndipo watu walipojenga, kila mji, yaani boma la familia moja, na ua wake wa minyaa, mji na mji umbali wa kuitana kwa sauti. Ukishuka kidogo unakuta mashamba ya mtama na pamba na matuta ya viazi. Chini kabisa ni mbuga, udongo mweusi unaopasuka kiangazi hata kuku anaweza kutumbukia, na masika unakung'ang'ania mguu usitoke.

Kati ya mashamba na mbuga ndipo palipokuwa na nyasi za baba mkwe wangu.

Wasukuma wanaziita ngitili. Ni malisho yanayofungwa. Mvua za kwanza zikinyesha, mwenyewe anatoa ng'ombe wake na hawaingii tena. Nyasi zinaota, zinachanua, zinakauka zikiwa zimesimama. Watu wanavuna, ng'ombe wanashushwa mashambani kula mabua. Mabua yakiisha na nchi nzima ikawa kama kiganja cha mkono, ndipo wazee wanatangaza siku, na ngitili zinafunguliwa kipande kwa kipande. Ng'ombe wanaishi kwa nyasi hizo mpaka mvua irudi. Ua hakuna, senyenge hakuna. Mpaka ni kichuguu, ni jiwe, ni mgunga wenye tawi lililovunjika. Hata mwenye ngitili mwenyewe haingizi ng'ombe wake kabla ya siku.

Hayo mimi sikuyajua. Nilipokuwa mke mpya nilichukua panga nikaenda kukata nyasi za ufagio. Niliona pori zuri, nyasi zinanifika kifuani, hakuna mtu, hakuna njia, kwale wanaruka kila ukikanyaga. Nimekwisha funga mzigo nikasikia mama mkwe anapiga kelele tangu juu kwenye minyaa.

"We mtoto wa porini! Unafagia tumbo la ng'ombe?"

Alishuka mbio, akaninyang'anya ule mzigo, akaurudisha pale pale nilipokata, akautawanya kwa mikono kana kwamba ungeshika tena. Halafu akacheka mpaka akakaa chini. "Usimwambie baba yako," akasema. "Atakurudisha kwa masista."

Baba mkwe alikuwa mtu wa maneno machache na tabia ngumu. Ng'ombe wake aliwajua kwa mwendo, hata wakipita nyuma ya ua alisema nani anachechemea. Ngitili ile alirithi kwa baba yake, naye kwa baba yake. Kila jioni alizunguka mipaka yake, anapita tu, haingii ndani.

Alikuwa na mdogo wake, baba mdogo wa mume wangu. Huyu alifanya kazi miaka kadhaa kwenye mgodi wa almasi, akarudi na viatu, redio na Kiswahili cha kuongea na wakubwa. Ngitili yake mwenyewe aliilisha yote mapema kwa uvivu wa kuchunga mbali. Kiangazi kimoja, kabla ya siku kutangazwa, alifungulia ng'ombe wake alfajiri wakaingia kwa kaka yake. Walikula asubuhi moja tu. Lakini baba mkwe aliona kwato.

Mtu mwingine angemaliza na ndugu yake nyumbani. Baba mkwe aliipeleka habari kwenye dagashida, yaani mkutano wa wanaume wote wa pale, na dagashida ikamtoza baba mdogo dume. Adhabu ile kwa kawaida yao inaliwa hapo hapo, wote wanakula, na aliyetozwa anakula pia. Sisi wanawake tulikuwa tunapeleka maji, nikasikia yote.

"Kaka, unanila mimi?" baba mdogo akasema.

"Nakula ng'ombe. Wewe asubuhi ile ulikula nini?"

Wanaume wakacheka. Mmoja akapaza sauti, "Mpeni mwenyewe figo! Dume amelifuga vizuri, mafuta mpaka kwenye kwato!"

Baba mdogo akacheka nao, akapokea figo, akala. Lakini tangu siku ile hakuketi tena nyumbani kwetu. Akija anasimama mlangoni na kofia yake mkononi, akikaribishwa kigoda anasema amechelewa.

Basi ukaja mwaka wa operesheni ya vijiji. Wenye umri wangu hawahitaji kuambiwa. Redio zilisema watu wakae pamoja, wapate shule, zahanati na maji ya bomba. Mimi sikuona ubaya wa maneno hayo. Kwetu Ushirombo watu walikaa karibu na misheni na hakuna aliyekufa kwa kukaa karibu. Ubaya ulikuwa ni wapi, na nani atachagua.

Tuliitwa kwenye ghala la pamba. Katibu wa kata alisimama juu ya mzani akasema kijiji kipya kinahitaji mahali tambarare, karibu na njia ya magari, mahali ambapo hapana mashamba ya watu, kwa sababu serikali haitaki kuharibu mazao ya mtu. Wakubwa wa wilaya watakuja kukagua. Nani anajua mahali kama hapo?

Baba mdogo, wakati huo alikuwa balozi wa nyumba kumi, akanyanyua mkono. "Pako," akasema. "Pamekaa wazi. Pana nyasi tu."

Hakusema ni pa nani. Hakuulizwa.

Tulirudi nyumbani. Mama mkwe akatundika kibuyu chake akaanza kutikisa maziwa, lakini anatikisa kama anapiga mtu. Baba mkwe akachukua mpini wa jembe akawa anachonga. Mume wangu alikaa kizingitini anasuka kamba. Kwa desturi ya nyumba ile mkamwana haongei na baba mkwe juu ya mali. Ukiwa na neno unamwambia mama, baba anasikia hapo hapo, naye anamjibu mama, nawe unasikia hapo hapo.

"Mama," nikasema, "wale wakija wakakuta ng'ombe ndani, watajua ni mahali pa watu. Wakikuta nyasi tupu watasema pori. Hata mimi nilisema pori."

Mama mkwe akashika kibuyu kisitikisike. "Unasikia anachosema mke wa mwanao?"

"Mwambie mabua bado yako shambani."

"Anasema mabua bado yako shambani."

"Nimesikia, mama. Mwambie iwe siku moja tu. Waingie asubuhi, wageni wakiondoka watolewe."

"Siku moja tu, baba watoto."

"Mwambie ndugu yangu naye aliingiza siku moja tu."

Mama mkwe akaacha desturi. "Sasa hii ni habari ya kukomoana wewe na ndugu yako? Wale watachukua! Sisi tutalisha nini mwezi wa tisa? Utawalisha huo mpini?"

Akachonga kidogo. Kisha akasema, na safari hii alisema na sisi sote. "Nikiifungua mimi kabla ya siku, mimi niliyemla ndugu yangu dume, nani ataogopa kuingiza wake? Kesho yake kila mtu atashusha ng'ombe. Hao wakubwa watakuja wakute vumbi. Wachukue wakati imefungwa. Wataona jinsi ilivyotunzwa. Mtu akiona kitu kimetunzwa anajua kina mwenyewe."

Hayo ndiyo aliyoyaamini, maskini. Aliamini kila mtu duniani akiona nyasi ndefu ataona mkono wa mtu.

Mama mkwe akamgeukia mwanawe. "Na wewe? Mdomo umeushona?"

"Baba amekwisha sema," mume wangu akajibu, wala hakuinua uso kwenye kamba yake.

Jibu hilo nimelisikia maisha yangu yote ya ndoa. Baba amekwisha sema, balozi amekwisha sema, wakubwa wamekwisha sema. Watu wanadhani wanaotudhulumu ni wale wanaopiga kelele tu.

Wakaja na Landrova. Mtu wa wilayani alivaa kaunda suti ya rangi ya majivu, kijana, mdogo hata kwa mume wangu. Alikuwa na mpimaji, na katibu wa kata, na baba mdogo akiwatangulia na viatu vyake vya mgodini. Waliingia moja kwa moja katikati ya nyasi. Kwale wakaruka. Nyasi zilikuwa zimeanza kukauka juu, rangi ya shaba, chini bado zina kijani, na upepo ukipita zinainama zote upande mmoja. Siwezi kueleza zaidi. Mtu aliyezoea kuona ng'ombe wanabaki mifupa mwezi wa kumi akiona nyasi zile alitulia moyo.

"Hapa pazuri," yule bwana akasema. "Tambarare. Wala hatubomoi kitu cha mtu."

Baba mkwe alikuwa amesimama kwenye kichuguu cha mpaka wake, nasi nyuma yake. Yule bwana akaja. Shikamoo hakutoa.

"Mzee, hujambo. Hili pori la nani?"

"Siyo pori. Hii ni ngitili."

"Ngitili ndiyo nini?"

"Chakula ya ng'ombe."

"Na ng'ombe wenyewe wako wapi?"

"Shambani. Wanakula mabua."

"Ala! Basi chakula wanacho!" Akacheka, na katibu akacheka, maana bwana amecheka.

"Siku yao ya humu bado," baba mkwe akasema.

Yule bwana akageuka. "Balozi, kuna ng'ombe wanaochungwa humu?"

Baba mdogo akavua kofia. "Ndugu, tangu mvua za kwanza mpaka leo hii, hakuna kwato iliyokanyaga humu. Atakayesema ameona ng'ombe humu ni mwongo. Muulize kaka yangu mwenyewe, ni mtu wa kweli."

Wakamuuliza. Baba mkwe akatazama nyasi zake, akamtazama ndugu yake. Angeweza kusema wapo. Neno moja tu. Lakini mtu yule, kusema kwamba ng'ombe wake wamekula ngitili mwezi wa sita ilikuwa sawa na kusema amelala na dada yake.

"Kweli," akasema. "Hawajaingia."

Hapo desturi ilinishinda. Nikajitokeza nikasema kwa Kiswahili changu cha masista, "Bwana, kiangazi ng'ombe wote wa mji huu wanaishi kwa nyasi hizi. Mkizichukua watakufa."

Yule bwana alinisikiliza, sitamsingizia. Akasema kwa upole, "Mama, tutaleta josho, tutaleta bomba. Watoto wako watasoma. Huko mlikotawanyika kama kunguru, nani atawafikia?"

Na baba mdogo akamwambia, mimi nikiwa pale pale, "Usimsikilize huyu, ndugu. Ametoka Ushirombo. Kwao wanafuga nyuki. Ng'ombe atawajulia wapi?"

Wakacheka wote, hata dereva.

Nimefikiri mara nyingi kwa nini namchukia baba mdogo kuliko wale wengine. Katibu alikuwa anatafuta cheo. Yule wa kaunda suti hakujua, na hakutaka kujua, ambalo ni kosa lake na nalitaja. Lakini baba mdogo alijua. Kila alichosema siku ile kilikuwa kweli tupu, na alikisema ili kaka yake afe.

Mpimaji akarudi na vigingi na kamba. Walipiga mistari kutoka njia ya magari kushuka moja kwa moja mpaka karibu na mbuga, bila kujali maji ya mvua hupita wapi. Baba mkwe alikwenda mwenyewe kwa katibu, akapiga magoti, jambo ambalo sikuwahi kumwona analifanya, akaomba jambo moja tu. Kwamba wangoje siku ya kufungua ngitili ifike, ng'ombe wale kwanza zile nyasi, halafu wajenge wanavyotaka. Kuzila zote isingechukua muda mrefu.

"Mzee, operesheni haingoji ng'ombe," katibu akamwambia.

Ili kusafisha viwanja wakatia moto. Mchana kweupe, upepo wa kusi ukivuma. Nyasi za mwaka mzima ziliondoka kabla mtu hajamaliza kuchota maji kisimani na kurudi. Kanga walitoka wakikimbia na vifaranga nyuma yao, vingine vimeshika moto. Ng'ombe walikuwa kwenye mabua juu, wakainua vichwa wakanusa moshi. Baba mkwe aliwatazama wao, moto hakuutazama. Mama mkwe alikuwa analia kwa sauti, baba mkwe akamwambia, "Nyamaza. Unawatisha."

Mgambo wakaja kutuhamisha. Paa za juu kule zikashushwa, minyaa ikaachwa. Na uone ujanja wa baba mdogo: alipanga yeye nani akae wapi, akatupa kiwanja ndani ya ngitili yetu wenyewe, pembeni ya kile kichuguu, ambacho walikuwa wamekisawazisha. Eti heshima. "Kaka nimemrudishia mahali pake," alisema mbele ya watu. Yeye alijenga mstari wa mbele, akaezeka bati. Kwetu tuliezeka kwa nyasi ndefu zilizobaki kwenye pembe moja ambako moto ulipita mbali. Baba mkwe alizikata mwenyewe.

Shule ilijengwa, sikatai, na wanangu walisoma humo. Bomba mpaka leo halijafika.

Masika ya kwanza tukaona kazi ya ile mistari. Zamani maji yakishuka kutoka kwenye mawe yalifika kwenye nyasi yakatulia, yakapotea taratibu ardhini. Sasa yalikuta njia safi, imenyooka, imekanyagwa na watu na baiskeli. Yalishuka mbio. Kwanza ukawa mfereji wa kuruka, watoto wanacheza. Baadaye ukawa wa kuweka gogo. Nyumba za chini karibu na mbuga zilipasuka kuta, moja ikaanguka wenyewe wakiwa shambani, kwa bahati. Watu wakalaumu matofali.

Lakini hayo ya maji yalikuja polepole. La ng'ombe halikungoja. Kiangazi cha kwanza tulihangaika tukavuka, maana bado palikuwa na majani ya huku na huku. Kiangazi kilichofuata mabua yaliisha mapema, kwa sababu kijiji kizima kilikuwa kimekaa mahali pamoja na ng'ombe wote walikula mahali pamoja. Ikafika ile siku ambayo zamani wazee wangetangaza. Hakuna aliyetangaza. Hapakuwa na cha kufungua.

Walianza kuanguka ndama. Kisha majike yenye mimba. Ng'ombe wa njaa haanguki kwa kishindo, anapiga magoti kama anayetaka kulala, halafu hainuki. Tulikuwa tunawainua, wanaume mbele, wanawake mkiani, tunamsimamisha, anatembea kidogo, anapiga magoti tena. Mume wangu aliwachukua wale walioweza kutembea akawapeleka magharibi, upande wa Masumbwe, ambako nilimwambia kuna majani. Majani yalikuwepo. Na ndorobo, wale nzi wanaoua ng'ombe, walikuwepo. Alirudi na fimbo na kengele ya dume wetu mkubwa.

Wakati huo ng'ombe wa baba mdogo walikuwa wananenepa. Alipata mashudu ya pamba kutoka kwenye kinu, gari la ofisi linamletea mpaka mlangoni. Hata gunia moja hakumpa kaka yake. Mama mkwe alikwenda kuomba, akajibiwa, "Mama, haya ni mali ya kijiji."

Tulibaki na jike mmoja, mweupe, mzee, ambaye baba mkwe hakukubali apelekwe magharibi. Asubuhi moja nilikuwa natwanga nikaona vumbi linaanguka kutoka kwenye paa la nyumba yake. Alikuwa amepanda ngazi, anachomoa nyasi za paa, konzi kwa konzi, anazikung'uta masizi, anazitupa chini. Yule jike alikuwa anazila.

Mama mkwe akatoka. "Mwanaume! Unamlisha ng'ombe nyumba?"

"Ni nyasi zake," akasema.

"Na sisi tutalala wapi?"

"Mvua bado."

"Ikija je?"

"Ikija zitaota nyingine."

Akaendelea kuchomoa. Majirani walisimama mstarini kutazama, wengine wakacheka. Mmoja akapiga kelele, "Mzee, ukimaliza lako njoo kwangu!" Baadaye hawakucheka, wengine walianza kufanya vile vile. Ilikuwa mistari ya nyumba zinazoliwa. Nyumba ya bati tu ndiyo iliyobaki nzima.

Yule jike alikula upande mmoja wa paa, akaanza wa pili. Akaanguka mawingu yakiwa tayari yameonekana. Mvua ilipokuja ilimkuta baba mkwe chini ya fito tupu. Tulimbembeleza ahamie kwetu, mama alihamia, yeye hakuweza: baba kulala nyumba moja na mkamwana si jambo la kufanyika. Mume wangu alipaswa kumwezekea upesi. Akasema nyasi za kuezekea zitapatikana wapi, akasema ataomba makaratasi ya lami, akasema balozi amesema wangoje. Baba mkwe alilowa. Kifua kikambana. Zahanati ilikuwa na kuta, dawa haikuwa nayo. Alikufa masika yale yale.

Sasa nisikilizeni. Kwao, mwenye mji akifa hazikwi kwenye sanda kama mtoto. Linachinjwa dume kutoka kwenye zizi lake mwenyewe, linachunwa, na anafungwa kwenye ile ngozi ikiwa bado mbichi, ndipo anashushwa. Mtu anakwenda na ng'ombe wake. Na sisi zizi letu lilikuwa tupu, nyasi mbichi zimeanza kuota kwenye samadi.

Maiti ililala ndani, wachimbaji wamesimama na majembe, wazee wanatazamana. Nikamwona baba mdogo anakuja kwenye mstari, anaswaga dume jeusi, limeshiba mashudu mpaka linang'aa. Akasimama mlangoni kama desturi yake. "Kaka hawezi kwenda uchi," akasema.

Mama mkwe akatoka ndani, nywele zimenyolewa tayari. Hakupiga kelele. "Mrudishe," akasema. "Mume wangu atazikwa kwa shuka yangu."

"Mama, watu watasema nini?"

"Waseme ulivyomfanya."

Wazee wakaanza kunong'ona kwamba haiwezekani, kwamba ni aibu ya ukoo mzima, kwamba marehemu atasumbua. Wote wakamtazama mume wangu, maana sasa mwenye mji ni yeye. Nilikuwa karibu naye. Nilimshika mkono nikamwambia, "Leo sema. Siku moja tu, sema."

Akasema. Akasema, "Mchinjeni."

Wakachinja. Wakamfunga baba mkwe kwenye ngozi ile, damu ya ng'ombe wa ndugu yake ikichuruzika kwenye vidole vyake vya miguu. Kaburi walilichimba kati ya nyumba na njia, kwa sababu kiwanja hakikuwa na mahali pengine, na katibu wa kata akatuma mtu kusema wasipite kigingi. Mama mkwe hakuja kaburini. Alikaa ndani ya nyumba isiyo na paa, mgongo kwa mlango, na mwanawe alipoingia kumwita alimwambia, "Umemvisha baba yako nguo za mwuaji wake. Nenda ukamzike wewe."

Masika yalipoisha mimi na mume wangu tulihamia Masumbwe kufyeka pori. Tulimsihi mama mkwe twende naye. Alikataa. Alisema yeye anabaki pale pale, kwa sababu baba watoto ameshahamishwa mara moja, na hataki wakija kumhamisha tena wakute hakuna mtu.